Nyari si volkano, na ndiyo maana tuanzie hapo

Mwulize mwanafunzi wa gredi ya nane mjini Malindi kama amewahi kuiona volkano kwa macho yake, na huenda akakujibu bila kusita: "Ndiyo, mwalimu. Nyari." Hana lawama. Bonde lile la Marafa, kilomita 30 na ushee kutoka mjini, lina kila sifa ya volkano kwa mtu aliyeijua volkano kwa picha tu. Kuna shimo kubwa ajabu, kuta nyekundu kama zilizobabuliwa, joto la mchana la kumfanya mgeni atafute kivuli ambacho hakipo, na juu ya hayo jina walilolipa watalii, Hell's Kitchen. Shule hupeleka watoto huko kwa basi, wakapiga picha, wakarudi kosa likiwa limekomaa.

Kwa maoni yangu, Nyari ndipo hasa somo la volkano linapofaa kuanzia. Mtoto anaweza kuthibitisha kwa vidole vyake mwenyewe kwamba pale hapajawahi kulipuka kitu.

Shuka naye bondeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Aokote donge lililokwisha anguka. Nguzo zilizosimama aziache, wenyeji wanaolitunza bonde hawapendi zikwanguliwe, na wana haki. Alifinye. Litavunjika mkononi, na kitakachobaki kiganjani ni mchanga: punje za kwatzi, yale madini magumu ya mchanga, nyingi zimelainika pembe kwa kusukumwa na maji, pamoja na vumbi jekundu linaloshika kwenye ngozi. Wekundu huo ni kutu tu, chuma kilichomo kwenye udongo kimekutana na hewa na unyevu. Sasa ainue macho atazame ukuta. Ataona matabaka ya weupe, waridi, chungwa na wekundu, yamelala moja juu ya jingine kama yalivyowekwa na maji zamani. Lava iliyoganda haiko hivyo. Ni jiwe gumu, mara nyingi jeusi au la kijivu, lenye vitundu vilivyoachwa na gesi au chembe zinazometa zilizokua ndani yake lilipokuwa likipoa.

Mwanafunzi mwerevu atakubishia kwamba majivu ya volkano nayo hulala matabaka. Ni kweli. Lakini punje za majivu hayo ukizitazama kwa lenzi ni vipande vya kioo na mwamba vyenye ncha kali. Punje za Nyari zimesafiri, zimesuguana, zimepoteza ukali. Aliyelichimba bonde lile ni mvua. Mchanga ulishikana kidogo tu, kwa hiyo kila masika maji huzidi kuula, na ukingo hurudi nyuma.

Wazee wa Kigiriama wanaowatembeza wageni wana simulizi yao. Palikuwa na familia tajiri, yenye ng'ombe wengi kiasi cha watu kuoga maziwa huku jirani wana njaa. Mungu akaghadhibika, ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Mwalimu wa sayansi asiipite hadithi hii kwa dharau. Kama inavyosimuliwa na wengi, haina moto hata kidogo. Inasema ardhi ilibomoka na kumeza watu, na ardhi ya pale hubomoka kweli. Moto umeletwa na jina la kigeni.

Kosa la pili limo kwenye mchoro ambao kila mtoto amewahi kuunakili: mlima wa pembe tatu, bomba katikati, na chini yake ziwa jekundu. Akishauona, anaamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto, na volkano ni mahali kifuniko kimetoboka. Basi kwa nini kisitoboke Malindi? Swali hilo ni zuri kuliko mchoro wenyewe, na linastahili jibu kamili.

Ganda la dunia, upande wa nchi kavu, lina unene wa kilomita 30 hadi 40 katika sehemu nyingi. Chini yake kuna tabaka liitwalo mantili, linaloshuka hadi karibu kilomita 2,900. Mantili ni mwamba wa moto usio na kifani, na kwa kipindi cha mamilioni ya miaka hujongea polepole, lakini ni yabisi. Wanasayansi wanalijua hilo kwa sababu matetemeko ya ardhi hutoa aina ya mawimbi yasiyoweza kupita ndani ya kimiminika, na mawimbi hayo huipenya mantili bila tabu. Kimiminika chenyewe kiko chini zaidi, kwenye kiini cha nje, nacho ni chuma na nikeli, wala hakipandi kuja kuwa lava.

Kwa hiyo magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, haitoki kwenye akiba iliyokuwa ikingoja. Hutengenezwa, tena mahali maalumu tu, na hapa ndipo wengi wetu tuliposomeshwa nusu ya habari. Tuliambiwa mwamba huyeyuka ukipata joto. Hatukuambiwa kwamba mwamba wa mantili tayari una joto la kutosha, isipokuwa uzito wa miamba iliyo juu yake unaubana usiyeyuke. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaujua mfano wa jambo hili jikoni: ukipanda juu sana, maharage hayaivi, kwa sababu hewa ya huko haibani vya kutosha na maji huchemka kabla hayajafika digrii 100. Mwamba nao ni hivyo. Upunguzie mgandamizo, sehemu yake itayeyuka bila kuongezewa joto.

Hicho ndicho kinachotokea chini ya Bonde la Ufa. Ganda linavutwa pande mbili, linakuwa jembamba, mantili inapanda kuziba nafasi, na ikipanda mgandamizo hupungua. Sehemu ndogo inayoyeyuka ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, kwa hiyo hutafuta njia ya kwenda juu. Longonot, Suswa, Menengai, yote ni mazao ya mvutano huo, na Kilimanjaro iliyo pembeni nayo ni mtoto wa habari hiyo hiyo.

Indonesia wana njia nyingine. Huko bamba, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia, la sakafu ya bahari huzama chini ya bamba jingine likiwa limebeba maji ndani ya miamba yake. Maji yakiingia kwenye mwamba wa moto huufanya uyeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida. Hapa ni vizuri kuwagusia tsunami ya 26 Desemba 2004, maana wazazi wa Malindi wanaikumbuka, na nyumbani watoto wengine wameambiwa ilisababishwa na volkano. Ilisababishwa na tetemeko la ardhi, nje ya Sumatra. Ila ubishi huo una chembe ya ukweli: kuzama kwa bamba kule kunakoleta matetemeko makubwa ndiko pia kunakozilisha volkano za Indonesia.

Na Malindi? Hatuvutwi, wala hatuzamishwi. Pwani yetu ilipasuka zamani mno, Madagaska ilipojitenga na bara zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, kisha pakatulia. Hata hivyo mwalimu asiseme kwamba Pwani haijawahi kuonja magma. Vilima vya Mrima na Jombo, huko Kwale, ni mabaki ya magma iliyopanda enzi za dinosaria. Kilichokuwa juu kimeliwa na mvua, imebaki mizizi.

Tuje kwenye mlipuko. Kila kongamano la sayansi shuleni lina kile kilima cha udongo, magadi ndani, siki au ndimu juu, rangi nyekundu, povu linamwagika, watu wanapiga makofi. Sina ugomvi nacho kama burudani. Kina hata jambo moja la kweli: kinachosukuma ni gesi. Lakini mtoto hurudi nyumbani akidhani chini ya ardhi kuna asidi inayokutana na magadi.

Chupa ya soda ya plastiki inafundisha zaidi, na ni bei ya mandazi machache. Mpe mwanafunzi aibonyeze kabla haijafunguliwa: ngumu kabisa, haiingii hata kidole. Aitazame kwenye mwanga: hakuna povu, na gesi yote imo, imeyeyuka ndani ya kinywaji. Sasa alegeze kizibo kidogo. Utasikia mfyonzo, chupa italegea mkononi, na mapovu yatatokea kila mahali kana kwamba yamezaliwa papo hapo. Magma inapopanda kutoka kilindini hufanya vivyo hivyo. Mvuke wa maji na kaboni dioksidi vilivyokuwa vimeyeyuka ndani yake hutoka mgandamizo unapopungua, vikachukua nafasi kubwa ghafla. Usimwache mtoto aitikise kwanza, au mwache, kama sare yake inafuliwa kesho.

Kinachoamua kama gesi itatoka kwa amani au kwa fujo ni mnato, yaani ugumu wa magma kutiririka. Weka maji kwenye kikombe kimoja na uji mzito kwenye kingine, mpe mtoto mrija apulize. Majini mapovu yatapasuka yakaisha. Kwenye uji, povu litakwama, litavimba, kisha litamrukia usoni. Lava yenye silika kidogo, ile kemikali inayounda kwatzi, hutiririka kwa wepesi. Ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, Kongo, ni nyepesi mno hata mwaka 1977 ilikimbia mlimani kwa kasi ya gari, na mwaka 2002 ikaingia mjini. Watu huogopa mlima unaonguruma, kumbe hata lava isiyolipuka inaweza kufika kabla hujafunga mlango. Magma yenye silika nyingi ni nzito, inaishikilia gesi mpaka isiweze tena, na hapo mwamba wenyewe husambaratika. Krakatau, volkano ya Indonesia, ililipuka hivyo tarehe 27 Agosti 1883. Mlio wake ulisikika kisiwani Rodrigues, upande wetu wa Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka pale. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya bahari, na mawe mepesi yaliyojaa vitundu yakaelea miezi mingi hadi yakatua kwenye fukwe za Afrika Mashariki.

Halafu kuna Ol Doinyo Lengai, Tanzania, karibu na Ziwa Natron, inayovuruga kanuni zote. Lava yake haina silika karibu kabisa. Ni kaboneti, jamaa ya magadi, na ndiyo volkano pekee duniani inayotoa lava hiyo katika zama zetu. Joto lake ni kati ya digrii 500 na 600, nusu tu ya lava ya kawaida. Mchana inaonekana nyeusi kama oili ya gari, na ikipoa ikapata unyevu hugeuka nyeupe. Sipendi vitabu vinavyoiweka kwenye kisanduku cha "Je, wajua?" pembeni ya ukurasa. Iko jirani yetu, na dunia nzima haina ya pili.

Neno moja kuhusu moshi na majivu, kwa sababu watoto waliokulia karibu na tanuri la chokaa wanajua majivu ni nini, na ujuzi huo hapa unawapotosha. Ndani ya volkano hakuna kinachoungua. Lile wingu si moshi wa kuni. Ni mvuke, gesi na mwamba uliosagwa unga. Unga huo hauyeyuki majini na hukwaruza mapafu. Watu wa Ngazija, kisiwa cha Komoro, wanaujua. Mlima Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliangukia birika za maji ya mvua, na kisiwa kile hakina mto wa kudumu hata mmoja, kwa kuwa mwamba wake wa volkano una nyufa na vitundu vinavyokunywa mvua yote. Watu walibaki na maji yasiyonyweka, bila lava kuwagusa. Lamu na Malindi kuna familia zenye asili ya Ngazija. Mwanafunzi akiwa na bibi au babu wa huko, kazi ya nyumbani imeshapatikana.

Mwamba huo unaokunywa mvua ndio utakaomrudisha mtoto Malindi. Walimu wengi wakifika hapa hukimbilia picha za Hawaii. Hakuna haja. Nendeni Sabaki.

Simameni mdomoni mwa mto, kaskazini tu ya mji, mahali maji ya kahawia yanapoingia baharini. Sabaki ni Galana kwa jina la huku chini, na Galana huzaliwa ndani ya Tsavo, Athi inapokutana na mto Tsavo. Athi huanzia nyanda za juu za upande wa Nairobi, juu ya miamba ya volkano. Mto Tsavo, kwa upande wake, hupata maji ya chemchemi za Mzima, na Mzima haina mvua yake yenyewe. Maji yake yamenyesha kwenye vilima vya Chyulu, makumi ya kilomita mbali. Chyulu ni safu ya volkano changa zilizorundikana, na mwamba wake ni kama ule wa Ngazija: mvua ikinyesha haitiririki, inazama. Husafiri chini kwa chini, ikichujwa, mpaka ichomoze Mzima ikiwa safi kiasi cha kumwona kiboko akitembea chini ya maji. Sehemu huchukuliwa na bomba la kwenda Mombasa. Iliyobaki hufuata mto mpaka huku kwetu. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki, ndivyo vinavyolisha mifereji ya Malindi.

Waambie watoto wachore safari hiyo wenyewe, kuanzia mfereji wa shule kurudi nyuma hadi Chyulu. Ukiwachorea ubaoni watanakili na kusahau.

Njiani mto huo unapita kando ya ajabu nyingine, Yatta. Ni tambarare ndefu iliyoinuka, karibu kilomita 300, miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita lava ilimwagika kutoka upande wa Nairobi ikafuata bonde la mto wa kale, ikaganda humo. Baadaye mvua ikala udongo laini wa kingo zote mbili na kuiacha lava ngumu imesimama. Kilichokuwa sakafu ya bonde sasa ni kilele cha mwinuko. Mtoto akielewa hili, ameelewa kwamba volkano si lazima iwe mlima wa pembe tatu. Yatta ni ubao mrefu. Menengai, juu ya Nakuru, ni shimo la kilomita 12 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, lililotokea mlima ulipojiporomokea.

Pwani mjini, baada ya mawimbi makubwa, huonekana mistari myeusi kwenye mchanga. Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mistari hiyo, na punje nyeusi zitasimama kama nywele. Ni madini ya chuma yaliyoletwa na mto. Hapa mwalimu awe mkweli: punje moja ukiishika huwezi kuapa kwamba imetoka kwenye lava, kwa sababu miamba mikongwe ya Tsavo, isiyo ya volkano, nayo hutoa madini kama hayo. Mto hauandiki anwani.

Kuhusu volkano hai, zilizolala na zilizokufa, somo ambalo mitihani inalipenda kupindukia, ningelipitia upesi. Mlima Kenya umekufa, sawa; kilele chake chenye ncha ni kizibo cha bomba la zamani, mlima wenyewe umeshamomonyoka. Lakini Longonot, ambayo watoto huikariri kuwa imelala, ilipimwa kwa setilaiti kati ya 2004 na 2006 ikaonekana ardhi yake imeinuka kwa sentimita 9 hivi. Na ule uwanja wa mawe meusi uitwao Shetani, Tsavo Magharibi, inakadiriwa ulimwagika katikati ya karne ya 19, wakati pwani hii ikiwa chini ya masultani wa Zanzibar. Kwa umri wa mlima, hiyo ni jana. Mtoto akiyajua haya mawili, orodha yenyewe ataisoma kwa jicho la wasiwasi, na hivyo ndivyo inavyofaa kusomwa.

Badala ya kuwauliza wataje aina tatu za volkano, wape mawe matatu. Moja liwe la matumbawe, la ukuta wa zamani. La pili donge la Nyari. La tatu jiwe jeusi lenye vitundu. Mwombe dereva anayepita Kibwezi, mji ulio karibu na Chyulu, akuletee, wala lisichukuliwe ndani ya mbuga, ni marufuku. Waulize kila moja limetoka wapi na wamejuaje. Atakayeandika "volkano" kwa sababu jiwe ni jeusi tu, mpe nusu ya alama. Siki iliyobaki kwenye kile kilima cha udongo sasa ina kazi: idondoshe juu ya tumbawe, litatoa povu, kwa kuwa ni kaboneti iliyojengwa na viumbe wa baharini. Jiwe la Kibwezi litanyamaza. Na akitokea mmoja wa kuuliza kama jiwe la Ol Doinyo Lengai nalo lingetoa povu, mpe alama zote. Lingetoa.